Gari Hukaguliwa, na Dereva Je?

Kabla ya safari ndefu ya Mbarara, Gulu au Mbale, mwenye gari aliye mwangalifu huinua boneti, akatazama maji na oili, akayapiga magurudumu teke, akajaribu breki na taa. Hayo ni mazoea mema, na kila askari wa trafiki huyasifu. Walakini ndani ya gari hilo hilo kuna kiungo kimoja ambacho mara nyingi hakikaguliwi na mtu yeyote, nacho ndicho kinachoviamuru vingine vyote. Kiungo hicho ni dereva mwenyewe. Je, macho yake yanaona umbali gani? Mguu wake unatii upesi? Dawa aliyomeza asubuhi imemfanya nini?

Mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria ya kuzuia kuingizwa nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache. Sheria hiyo huhesabu umri wa chuma. Kuhesabu umri wa mwili ni jambo gumu zaidi, kwa maana chuma hakina heshima ya kulindwa, wala hakina wana na wajukuu wanaoona haya kukiambia ya kwamba kimechakaa.

Shabaha ya makala haya ni kulijibu swali moja: inapotokea ajali kwa sababu ya uzee au ugonjwa wa dereva, lawama ni ya nani? Tutatazama ajali mbili zilizotokea nchi za mbali, ambazo mahakama zilizichunguza kwa makini, kisha tutarudi katika kambi zetu na nyumba zetu.

ADHUHURI MOJA MJINI TOKYO

Magari mengi tunayoyaendesha yametoka Japani, na Wajapani, kama sisi, hupita upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo yaliyotokea huko tarehe 19 Aprili 2019 hayatuhusu kwa mbali tu. Adhuhuri ya siku hiyo mzee wa miaka 87 alikuwa akiendesha gari lake katika mtaa wa Ikebukuro, mkewe ameketi kando yake. Hakuwa mtu wa kupuuzwa. Aliwahi kuwa ofisa mkuu katika serikali ya nchi yake, mtu wa elimu na wa kuheshimiwa. Ghafla gari lilianza kwenda mbio, likapita taa nyekundu, likafikia mwendo wa zaidi ya kilomita 90 kwa saa katikati ya mji. Mama wa miaka 31 na binti yake wa miaka 3, waliokuwa wakivuka barabara kwa baiskeli, walifariki dunia. Watu wengine kadhaa walijeruhiwa.

Mbele ya mahakama mzee huyo alishikilia ya kwamba yeye hakukosea, bali gari ndilo lililoharibika. Magari ya siku hizi yana chombo kinachoweka kumbukumbu ya mambo yaliyofanyika kabla ya mgongano. Kumbukumbu hizo zilipofunguliwa zilionyesha ya kwamba kanyagio la mafuta lilikanyagwa, na breki haikuguswa. Tarehe 2 Septemba 2021 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilimwona ana hatia ya uzembe uliosababisha vifo, ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Jaji alimhimiza akubali kosa lake na awaombe radhi wafiwa kwa moyo wa kweli. Mzee hakukata rufani. Aliingia gerezani akiwa na miaka 90, na mwezi wa Oktoba 2024 alifariki akiwa bado mfungwa, mwenye umri wa miaka 93.

Yafaa tuitafakari habari hii bila ya hasira. Mzee huyu hakuwa mlevi wala mhuni, wala hakutoka nyumbani akiwa na nia mbaya. Mguu wake ulikanyaga mahali asipopakusudia, na akili yake ikasadiki kabisa ya kwamba imekanyaga breki. Hapo ndipo ilipo hatari ya uzee katika usukani. Mtu aliyevunjika mkono ajua ya kuwa mkono wake umevunjika. Lakini mtu ambaye wepesi wake umepungua kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hana siku moja anayoweza kuitaja na kusema, "Leo nimepungukiwa." Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujua.

JINSI MWILI UNAVYOBADILIKA

Tuanze na macho. Mboni ya mtu wa miaka 60 huwa ndogo zaidi gizani, na kioo cha ndani ya jicho huwa kimeanza kupata manjano. Kwa hiyo mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni kama thuluthi moja tu ya ule unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Aidha, akipigwa na taa kamili za lori linalokuja mbele yake, jicho lake huchukua muda mrefu zaidi kurudia kuona. Katika muda huo gari linakwenda, na mwenda kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara haonekani. Maradhi ya mtoto wa jicho huongeza taabu hiyo, nayo presha ya macho hula pembe za macho polepole, hata mwenyewe asitambue ya kwamba haoni bodaboda inayotokea ubavuni.

Baada ya macho kuna shingo na viungo. Dereva ambaye shingo yake imekakamaa hageuki sawasawa kutazama nyuma na kando. Baada ya viungo kuna wepesi wa akili kuamua. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri kama mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akichelewa sekunde moja tu kuikanyaga breki, amekwisha kupita mita 22, karibu urefu wa mabasi mawili makubwa, kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo.

Kisha kuna maradhi na dawa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akikosa chakula kwa wakati wake, sukari yake huweza kushuka ghafla, akatetemeka, akachanganyikiwa, hata akazimia. Kifafa, kiharusi na maradhi ya moyo vyaweza kumwondolea dereva fahamu kwa nukta chache. Hata dawa ndogo za dukani zina hatari yake. Piriton, ambayo wengi huimeza kwa ajili ya mafua au mwasho, huleta usingizi, na Valium huleta usingizi zaidi. Mtu akimeza dawa ya namna hiyo kisha akashika usukani, huenda akasinzia bila ya kunywa hata tone moja la pombe.

Hata hivyo, tusimwonee mzee. Shirika la Afya Duniani limeeleza ya kwamba ajali za barabarani ziliua watu kama milioni 1.19 ulimwenguni katika mwaka 2021, na ya kwamba ndizo zinazowaua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Madereva vijana, kwa haraka zao na kujionyesha kwao, husababisha sehemu kubwa ya msiba huo. Wazee wengi huendesha polepole, hawapendi safari za usiku, na hawashindani na mtu. Na mzee anapopata ajali, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayekufa, kwa sababu mifupa yake haistahimili kishindo ambacho kijana angekistahimili. Kwa hiyo kumlinda mzee barabarani ni kumlinda yeye kwanza.

SIRI ILIYOUA WATU SITA

Sasa tuutazame mji wa Glasgow, huko Scotland, ili tuone ya kwamba jambo hili si la wazee peke yao. Tarehe 22 Desemba 2014, siku tatu kabla ya Krismasi, gari kubwa la kuzolea taka lilipita katika barabara iliyojaa watu waliokuwa wakinunua zawadi. Dereva, mtu wa makamo ambaye hajafika miaka 60, alizimia katika usukani. Kwa muda wa sekunde 19 gari lile lilikwenda bila ya mwongozaji, likapanda njia ya waendao kwa miguu, hata likagota ukuta wa hoteli. Watu 6 walikufa, na wengine 15 walijeruhiwa.

Uchunguzi ulifanywa mwaka 2015 mbele ya hakimu John Beckett, na hati ya maamuzi yake ilitolewa mwezi wa Desemba mwaka huo. Ilidhihirika ya kwamba mwezi wa Aprili 2010, miaka minne na nusu kabla ya msiba huo, dereva yule yule alikuwa amezimia akiwa katika usukani wa basi la abiria. Kwa bahati basi lilikuwa limesimama. Lakini hakuwaeleza madaktari ukweli wa mahali alipozimia. Alipoomba kazi mpya aliificha habari hiyo, na alipoulizwa na idara ya leseni hakuitaja. Hakimu aliona ya kwamba kama angalisema kweli, huenda msiba usingalitokea. Wala hakumtaja dereva peke yake. Alionyesha pia upungufu wa madaktari ambao hawakuuliza zaidi, wa mwajiri wa kwanza ambaye hakutoa habari kamili, na wa mwajiri wa pili ambaye alimpokea bila ya kuzipata.

Jambo la kushangaza kwa wengi ni kwamba dereva huyo hakushtakiwa kwa vifo vile. Waendesha mashtaka walisema ya kwamba, wakati wa ajali, mtu huyo alikuwa hana fahamu, na mtu asiye na fahamu hawezi kusemwa ya kwamba ameendesha vibaya. Baadhi ya wafiwa waliomba ruhusa ya kumshtaki wenyewe, lakini mwaka 2016 ombi lao lilikataliwa.

MIZANI MBILI

Basi tuziweke ajali hizi mbili pamoja. Mzee wa Tokyo alikosea kwa sekunde chache, akafungwa na kufia kifungoni. Mtu wa Glasgow aliificha siri kwa zaidi ya miaka minne, naye hakufungwa kwa vifo vile. Msomaji aweza kuuliza, haki iko wapi?

Jibu ni kwamba mizani ya mahakama na mizani ya dhamiri hazipimi kitu kimoja. Mahakama hutazama zaidi kile kilichotendeka wakati gari linakwenda. Mtu aliyekuwa na fahamu akakanyaga kanyagio asilolikusudia ametenda uzembe. Mtu aliyeanguka ghafla kwa ugonjwa asioujua hawezi kulaumiwa, kwa kuwa hakuna binadamu anayejua saa ya kuugua. Lakini dhamiri hutazama nyuma zaidi. Huuliza, "Nani alijua? Alijua lini? Na baada ya kujua alifanya nini?"

Kwa mizani hiyo ya pili, lawama ya ajali haianzi pale magari yanapogongana. Huanza siku ile mtu anapopata dalili na kunyamaza. Huanza kwa dereva aliyeona ukungu machoni akajiambia ni vumbi. Huanza kwa daktari aliyempa mgonjwa dawa ya usingizi asimwulize kama ni dereva. Huanza kwa mkubwa wa kazi aliyesikia ya kwamba dereva wake alizimia, lakini akampa funguo kwa sababu safari ilikuwa ya lazima. Na huanza kwa mtoto aliyemwona baba yake akipita kando ya ukuta wa lango na kuukwaruza mara ya tatu, akacheka, akanyamaza.

Uzee si kosa, wala ugonjwa si kosa. Kosa ni kuficha.

KWA WAKUBWA WA KAZI

Neno hili lawahusu hasa askari na polisi. Dereva wa lori la jeshi huchukua roho za vijana wengi nyuma yake, na dereva wa gari la polisi hutakiwa kwenda mbio pale ambapo wengine hutakiwa kupunguza mwendo. Katika kazi zetu za amri, dereva huogopa kusema, "Afande, leo sioni vizuri," kwa kudhani ya kwamba ataitwa mwoga au mvivu, au atanyang'anywa kazi anayolishia watoto wake. Mahali ambapo ukweli huadhibiwa, siri hustawi. Kwa hiyo mkubwa mwenye busara humwekea dereva njia ya kusema ukweli bila ya kupoteza mkate: apimwe, apumzishwe, na ikiwa hapana budi apewe kazi nyingine katika karakana, bohari au ofisi. Dereva mkongwe anayewafundisha vijana jinsi ya kulitunza gari ana faida kubwa kuliko dereva mkongwe anayelala katika korongo pamoja na abiria wake.

Yafaa pia kukumbuka mfano wa askari mmoja mashuhuri. Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, alitumika katika jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tarehe 17 Januari 2019, akiwa na miaka 97, alikuwa akiingia katika barabara kuu karibu na Sandringham akagongana na gari jingine, na gari lake likapinduka. Yeye alipona, lakini mwanamke mmoja katika gari lile la pili alivunjika mkono. Ndani yake mlikuwamo pia mtoto mchanga, ambaye hakudhurika. Philip alimwandikia mwanamke huyo barua ya kuomba radhi, akieleza ya kwamba jua lilikuwa likimpiga machoni. Tarehe 9 Februari aliirudisha leseni yake kwa hiari, na baadaye ikaamuliwa asishtakiwe. Ingalikuwa bora kuirudisha kabla ya ajali. Hata hivyo, kama mtu wa cheo kile aliweza kuweka funguo chini na heshima yake ikabaki, hakuna mzee yeyote atakayepungukiwa kwa kufanya vivyo hivyo.

Wajapani nao walijifunza kutokana na msiba wa Ikebukuro. Katika mwaka ule ule wa 2019, watu wapatao 600,000 walirudisha leseni zao kwa hiari, na zaidi ya nusu yao walikuwa na miaka 75 au zaidi. Nchini humo mtu aliyefika umri huo hupimwa kumbukumbu na akili kabla ya kuongezewa leseni, na tangu Mei 2022 wale waliowahi kuvunja sheria fulani za barabarani hutakiwa pia kuonyesha kwa vitendo ya kwamba wanaweza kuendesha.

KATIKA NYUMBA ZETU

Lakini kazi kubwa zaidi iko nyumbani, kwa kuwa watu wa nyumbani huona mapema kuliko daktari na kuliko polisi. Dalili za kuangaliwa ni hizi:

(a) Mikwaruzo mipya katika gari ambayo mwenyewe hawezi kueleza ilikotoka.

(b) Kupotea njia aliyoizoea, au kukosa kukumbuka alikokuwa akienda.

(c) Kuchelewa kuona taa nyekundu, matuta au watoto wanaovuka.

(d) Kuchanganya breki na mafuta, hata mara moja tu, hata uani.

(e) Kupigiwa honi mara kwa mara, naye akiwalaumu wengine wote.

(f) Kizunguzungu, kuzimia, au kusinzia mchana.

Kuna kipimo chepesi kinachotumiwa Uingereza ambacho kila mtu aweza kukifanya uani. Pima mita 20 kutoka kwenye gari lililosimama, kisha mwambie dereva asome nambari zake mchana kweupe, akiwa na miwani kama huivaa. Akishindwa, asishike usukani kabla hajamwona daktari wa macho. Mara nyingi dawa ni rahisi: miwani mipya, au kuondolewa mtoto wa jicho, na mzee huendelea kuendesha kwa miaka mingine. Kupimwa si sawa na kunyang'anywa.

Lakini ikiwa wakati wa kuacha umefika, je, mtoto atamwambiaje baba yake? Kwetu sisi maneno hayo ni mazito. Asiambiwe mbele ya wajukuu wala mbele ya wageni. Asiambiwe siku ile ile ya mkwaruzo, damu zingali zimechemka. Wala usimtume kitinda mimba. Mwombeni ndugu yake, au rafiki wa rika lake, au mzee aliyetumika naye jeshini, aende pamoja na mtoto mkubwa. Nao waanze kwa heshima: "Mzee, umetuendesha miaka mingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeumia mikononi mwako. Tumekuja kukuomba utupe na sisi nafasi ya kukuendesha wewe." Maneno hayo hayamvui mtu heshima, bali humvisha.

Tena yapo masharti ambayo watoto wengi huyasahau. Anayezichukua funguo hana budi azichukue na safari. Mzee alikuwa akienda kanisani au msikitini, kliniki, benki kuuliza malipo yake ya uzeeni, shambani, na kwenye mazishi ya rafiki zake. Akinyang'anywa gari kisha akaachwa ameketi barazani kutwa nzima akingoja mtu amkumbuke, huko si kumlinda, ni kumzika mapema. Na usistaajabu siku moja ukirudi ukakuta amezitafuta funguo akaondoka peke yake. Wanawe na wagawane siku: huyu ampeleke Ijumaa au Jumapili, yule ampeleke kliniki, na wote wachange nauli ya dereva wa kuaminika pale wasipokuwapo. Mama naye aulizwe maoni yake, maana mara nyingi ndiye anayeketi kando ya mzee katika kiti cha mbele, akishika moyo wake na kuomba Mungu kimya kimya.

Ndugu msomaji, siku moja kila mmoja wetu aliye kijana leo atafika umri huo, Mungu akipenda. Nasi tuwaambie wanetu mapema, tungali na nguvu na akili timamu, ya kwamba watakapotuona tunakosea katika usukani watuambie, nasi tutasikia. Ahadi ya namna hiyo, ikitolewa leo mezani wakati wa chakula, itawarahisishia kazi kesho. Kwa sasa, kabla ya safari ya mwisho wa juma hili, inua boneti, tazama maji na oili, jaribu breki. Kisha jitazame wewe mwenyewe, na umtazame mzee wako, na useme kweli.